Pombe ya miaka mingi na mitokondria za ini: nini hasa kinaharibika mle ndani (uzi mrefu)

Mkata Slaidi (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu. Kila mara mtu akiuliza pombe inaharibuje ini majibu yanakuwa yaleyale, "inachoma ini", "inatoboa ini", na hakuna anayesema inachoma nini hasa. Mimi niko maabara ya patholojia, kazi yangu ni kupokea vipande vya nyama vilivyotolewa mwilini mwa wagonjwa, kuvikata vyembamba kabisa, kuvipaka rangi na kuvipanga kwenye slaidi daktari avisome. Vipande vya ini vimepita vingi mikononi mwangu. Na kaka yangu, tuliyefuatana, ameondoka kwa ini. Kwa iyo hili suala nalibeba moyoni, mnivumilie urefu.

Naanza na slaidi. Kuna siku daktari wetu aliniita, akaniambia kaa hapa uangalie. Kipande cha ini cha mnywaji wa miaka mingi, kimepakwa rangi za kila siku, zambarau na waridi. Seli za ini zinajipanga kama vigae, kila moja na kiini chake cha zambarau katikati. Nyingi zilikuwa na matundu meupe, hayo ni mafuta, yenyewe yanayeyuka tunapoandaa nyama yanaacha shimo. Hayo nilishazoea. Alichotaka nione ni vijipira vya waridi iliyokolea, duara safi kabisa, vimekaa ndani ya seli pembeni ya kiini, vingine vinakaribia ukubwa wa kiini chenyewe. Nikauliza hivi ni nini? Akasema hizo ni mitokondria, vile vyumba vidogo vya ndani ya seli vinavyotengeneza nguvu.

Nilibaki nimeduwaa, maana mitokondria ya kawaida kwa hadubini yetu ile na rangi zile huioni, upana wake ni kama mikromita moja au chini ya hapo, wakati seli nyekundu ya damu ina kama 7. Sasa unaiona kwa macho, imevimba imekuwa jitu. Daktari akasema haipo kwenye kila slaidi ya mnywaji, ila ukiikuta jua pombe iko hapa, tena mara nyingi ya karibuni.

Tangu siku iyo nikaanza kusoma, na ninachotaka mkipate kwenye uzi huu ni kitu kimoja tu: kabla ini halijasinyaa, kabla macho hayajawa ya njano, kabla tumbo halijajaa maji, mitokondria zinakuwa zimeshaumia kitambo. Mtu anatembea, anacheka, anaenda kazini, na ndani ya seli umeme umeshaanza kukatika.

---

Mkata Slaidi

Tuendelee. Mitokondria ni nini kwa asiyejua. Ndani ya kila seli kuna vyumba vidogo vinavyochukua mafuta na sukari iliyokwisha kuvunjwavunjwa, vinaichoma polepole kwa oksijeni, na nguvu inayotoka inafungwa kwenye molekuli inaitwa ATP, hiyo ndo seli inaitumia kwa kila kitu. Jina alilitoa Mjerumani Carl Benda mwaka 1898, ni Kigiriki, mitos maana yake uzi na chondros punje, kwa sababu alikuwa anaziona kama nyuzi na punje. (Nimependa kwamba tunaliongelea kwenye uzi.) Seli moja ya ini ina kati ya elfu moja na elfu mbili za hizi, zinachukua kama moja ya tano ya nafasi yote ya seli. Ini ni kiungo cha kazi nzito, linataka umeme mwingi.

Sasa pombe ikifika. Ethanoli, yani pombe yenyewe, inavunjwa kwa hatua mbili. Ya kwanza iko nje ya mitokondria, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) kinaitwa ADH kinaigeuza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu kuliko pombe yenyewe. Hatua ya pili, kuigeuza asetaldehaidi iwe asetati isiyo na madhara makubwa, inafanyika HUMO NDANI ya mitokondria, na kimeng'enya kinaitwa ALDH2. Yani sumu kali zaidi mwili unaipeleka ikazimwe kwenye chumba cha umeme. Hapo tu uone mitokondria ziko mstari wa mbele.

Na hatua zote mbili zinamhitaji NAD. Huyu mfikirie kama mbeba mizigo. Anatoka mtupu, anajitwika haidrojeni, sasa anaitwa NADH, anakwenda hadi mlango wa mitokondria anakabidhi mzigo, anarudi mtupu kuchukua mwingine. Wa ndani ya mitokondria wanatua mzigo mumo humo. Mafuta yakitaka kuchomwa yanamhitaji NAD mtupu. Sukari ikitengenezwa upya mtu akiwa na njaa nako lazima NAD mtupu wawepo wa kutosha. Sasa pombe haina ghala, mwili hauwezi kuiweka akiba, lazima ivunjwe kwanza, kwa iyo inawakamata wabeba mizigo wote. Kila molekuli moja ya pombe inawatwika wawili. Ukiangalia kwenye seli unakuta NADH wamejaa wote wana mizigo kichwani wanasukumana mlangoni, na NAD mtupu hapatikani. Mafuta yanasubiri foleni, yanasubiri, mwishowe yanalundikana matone matone. Hayo ndo matundu meupe ya kwenye slaidi. Na ndo maana mtu akinywa sana bila kula sukari inaweza kumshuka hadi azimie, ini limeshindwa kutengeneza nyingine.

Zamani walikuwa wanasema hapana, mnywaji anaharibikiwa ini kwa sababu hali chakula. Mwaka 1968 Emanuel Rubin na Charles Lieber kule Marekani wakawachukua watu wa kujitolea wasio walevi, wakawapa pombe pamoja na chakula kizuri chenye protini ya kutosha, wakatoa vipande vya ini kabla na baada. Haikufika wiki tatu, mafuta yameshaingia, na kwa hadubini ya elektroni mitokondria zimeshavimba na kupoteza umbo. Chakula kipo, na ini limeumia. Hili nalirudia kila nikisikia mtu anasema "mimi nakunywa lakini nakula vizuri".

---

Bundi wa Alfajiri

Mkuu shukrani kwa darasa. Swali, kwa iyo anayekunywa bia ana nafuu kuliko wa pombe kali? Maana mimi kali sigusi.

---

Mkata Slaidi

Hapana mkuu. Seli haijui chupa. Bia ya mililita 330 yenye asilimia 5 ina kama gramu 13 za ethanoli. Kipimo cha mililita 40 cha pombe ya asilimia 40 nacho kina kama gramu 13. Mzigo ni uleule, tofauti ni maji uliyokunywa nayo na kasi uliyokunywa. Na ini la mtu mzima linavunja takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa iyo bia tatu zinalipa ini kazi ya saa nne hadi karibu sita hata kama wewe ulizimaliza kwa saa moja.

---

Mkata Slaidi

Narudi kwenye mada, hapa ndo penyewe, tofauti ya kunywa siku moja na kunywa miaka.

Mitokondria ina mashine kwenye utando wake wa ndani, ni mnyororo wa protini kubwa, elektroni zinapita kama watu wanavyopokezana ndoo, mwisho zinakabidhiwa oksijeni na kuwa maji. Zikipita vizuri, umeme. Zikisongamana, zinavuja. Elektroni iliyovuja inamrukia oksijeni njiani na kuzaa oksijeni kali, kitaalamu supaoksaidi, inayouma chochote kilicho karibu. Kuvuja kidogo ni kawaida kwa kila mtu. Ila kwa mnywaji wa kila siku NADH wamerundikana mlangoni, presha ni kubwa, uvujaji unazidi.

Halafu ukinywa miaka mwili unaongeza kimeng'enya kingine kinaitwa CYP2E1 kusaidia kuvunja pombe. Mtu anajisifu "siku hizi silewi ovyo", sehemu ya hilo ni ubongo umezoea, lakini sehemu ni hiki. Tatizo lake kinafanya kazi kichafu, kinavunja pombe huku kinatema hizohizo oksijeni kali, na sehemu yake inakaa ndani ya mitokondria kwenyewe. Kwa iyo kule kuzoea kunakofurahiwa ni moto umeongezwa jikoni.

Sasa nini kinaumwa? Kwanza DNA. Mitokondria ina DNA yake ndogo, tunairithi kwa mama, ina herufi 16,569 na jeni 37, na 13 kati ya hizo zinatengeneza protini za ule mnyororo. DNA hii imekaa palepale oksijeni kali zinapozaliwa, na ulinzi wake ni mdogo kuliko ile ya kwenye kiini. Mwaka 1995 watafiti wa Ufaransa walikuta kwenye maini ya wanywaji DNA hii imekatwa vipande vizima, kipande kinachopotea mara nyingi kina herufi 4,977, mkato ambao huwa unaonekana kwa wazee. Yani mtu bado kijana, mitokondria zake zina alama za uzee.

Tena vile viwanda vidogo vya ndani ya mitokondria vinavyoshona zile protini 13 navyo vinaharibika. Panya waliopewa pombe muda mrefu ukiwapima, sehemu ya kwanza, ya tatu, ya nne na ya tano za mnyororo zinapungua, ya pili inabaki salama. Kwa nini ya pili? Kwa sababu ndo pekee ambayo haina protini hata moja inayotengenezwa humo ndani, zake zote zinaletwa kutoka nje. Nilipoelewa hili nilinyanyuka kwenye kiti, maana ni kama mwizi ameacha alama ya kidole.

Pili, ulinzi. Mitokondria za ini zinajikinga kwa kitu kinaitwa glutathaioni. Haziwezi kuitengeneza zenyewe, lazima iingizwe kutoka nje kupitia utando. Pombe ya muda mrefu inafanya utando ujae kolesteroli, unakuwa mgumu, mlango unakwama. Nje glutathaioni inaweza kuwepo, ndani hakuna. Hili mlikumbuke, nitalirudia.

Tatu, pumzi. Damu nyingi inayoingia ini inatoka matumboni, imeshatumika, oksijeni yake ni ndogo. Seli za mwanzo zinavuta, za mwisho karibu na mshipa wa kutokea, ule wa katikati, zinapata makombo. Pombe inafanya seli zote zivute oksijeni zaidi. Za mwisho zinakabwa. Na ndo zenye CYP2E1 nyingi kuliko wenzao! Ndo maana slaidi nyingi nilizoona uharibifu umezunguka ule mshipa wa katikati.

Seli ina utaratibu wake wa kusafisha, mitokondria iliyochakaa inafungwa kama furushi na kusagwa, nyingine mpya inatengenezwa. Kuna protini inaitwa Parkin inayoweka alama kwamba hii itupwe. Panya wasio na Parkin wakipewa pombe ini lao linaumia kuliko la wenzao. Kwa mnywaji wa miaka usafi unaelemewa, mbovu zinabaki, nyingine ndo zile zinavimba kuwa majitu.

Na mwisho wake kwenye utando linafunguka tundu, protini inaitwa saitokromu c inamwagika, seli ikiiona hiyo nje inajua kazi imekwisha, inaanza kujivunja. Seli moja moja, kimyakimya. Ndani ya ini hakuna mishipa ya maumivu, iko kwenye ngozi yake ya nje tu, kwa iyo hakuna atakayekupigia kelele. Wanapokufa seli, majirani wanaoshughulikia kovu wanaamka, wanajaza nyuzi ngumu. Miaka ikipita unapata sirosisi, yani ini lililojaa kovu.

Kaka yangu alikuwa anasema "nimechoka tu" kwa karibu miaka miwili. Alipima damu, akaambiwa vimeng'enya viko kawaida, akafurahi akarudi kwenye mtungi. Mimi mwenyewe nilifurahi naye. Sikujua wakati ule kwamba kipimo kile kinaonyesha seli zinazopasuka wiki hii, hakionyeshi zilizofifia.

---

Hoja Tatu

Pole sana mkuu kwa kaka. Ila naomba nipinge kidogo. Kuna wazee wamekunywa miaka 40 na wako fiti, wamezika madaktari wao. Na panya sio mtu.

---

Mkata Slaidi

Ahsante mkuu, na hoja yako ina uzito. Kwa wanaokunywa sana, zaidi ya asilimia 90 wanapata mafuta kwenye ini, lakini wanaofika sirosisi ni kama asilimia 10 hadi 20. Jeni zina sehemu, kuna moja inaitwa PNPLA3 ambayo aina yake fulani inaongeza hatari. Wanawake wanaumia kwa kiasi kidogo cha pombe kuliko wanaume. Unene, hepataitisi B au C, navyo vinasukuma. Na kuna watu hasa wa Asia ya Mashariki ambao ALDH2 yao haifanyi kazi vizuri, wakinywa kidogo tu uso unawaka mwekundu, asetaldehaidi imejaa.

Na kuhusu panya uko sahihi kuliko unavyodhani. Panya wakubwa wa maabara wakipewa pombe mitokondria zao zinadhoofika, lakini wale wadogo mara nyingine mwanzoni mitokondria zinachapa kazi ZAIDI, zinajaribu kuhimili mzigo. Kwa iyo huenda baadhi ya wazee hao ni watu ambao mitokondria zao zinahimili. Ila wewe utajuaje uko kundi lipi? Hakuna kipimo cha kukuambia mapema. Na wale asilimia 10 hadi 20 hawakujijua pia.

---

Jani Kavu

Mimi natumia vidonge vya kusafisha ini na vitamini E kila nikitoka kunywa. Kama shida ni hizo oksijeni kali si vinazizima?

---

Mkata Slaidi

Wazo ni zuri kwenye karatasi, na wataalamu nao waliliwaza hivohivo. Wakawapa wagonjwa wa ini la pombe vitamini E, wengine mchanganyiko wa vizuia oksijeni kali, matokeo yakawa hawaponi zaidi ya wasiopewa. Sababu moja unaweza kuikisia ukirudi kule kwenye mlango uliokwama, unajaza dawa kwenye damu wakati moto uko chumba cha ndani. Na moto bado unaongezewa kuni mkuu, kesho unakunywa tena.

---

Siku ya 23

Wakuu mimi nimeacha siku 23 leo. Miaka 11 nilikuwa kila siku. Nilitegemea nitajisikia mpya lakini bado uchovu uko palepale. Naanza kujiuliza kama kuna maana.

---

Mkata Slaidi

Ndugu yangu, hongera kwanza, na usirudi nyuma. Mafuta ya kwenye ini kwa kawaida yanaondoka ndani ya wiki nne hadi sita bila pombe, wewe uko njiani. Na mitokondria hazidumu, kwa panya nusu ya zile za ini zinabadilishwa ndani ya siku chache tu. Yani zilizopo leo kwenye ini lako nyingi sio zile za siku ya mwisho uliyokunywa. Majitu yale nayo yanapungua mtu akiacha. Kovu gumu ni jambo jingine, hilo linachukua muda na la sirosisi iliyokomaa huwa haliishi lote, lakini hata mwenye sirosisi akiacha anaishi zaidi kuliko anayeendelea. Uchovu unaweza kutoka kwingine pia, usingizi, damu pungufu, vitamini B1, kapime.

Na kwa wengine mnaosoma mkataka kuacha leo leo: kama unakunywa sana kila siku na asubuhi mikono inatetemeka, usikate ghafla peke yako nyumbani. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo na linaweza kuua. Muone daktari akupe dawa za kukushusha taratibu.

---

Binti wa Tatu

Samahani kuingilia. Baba yangu anakunywa tangu sijazaliwa. Majibu yake ninayo hapa, AST 164, ALT 61. Hakuna aliyenifafanulia. Na nimeshtuka uliposema hakuna maumivu, yeye kila asubuhi kichwa kinamuuma anameza parasetamo.

---

Mkata Slaidi

Dada yangu soma taratibu. Hivyo ni vimeng'enya viwili vinavyopimwa kwenye damu. AST iko ya aina mbili, moja ya nje na moja ya ndani ya mitokondria. ALT nyingi ni ya nje. Ini likiumia kwa virusi mara nyingi ALT ndo inapanda zaidi. Kwa pombe mitokondria zinapasuka na kumwaga AST yao, na vitamini B6 pungufu inaishusha ALT, kwa iyo AST inakuwa mara mbili au zaidi ya ALT. Ya baba ni mara mbili na ushee. Sio hukumu, daktari lazima amuone, ila inaelekea huko.

Sasa parasetamo. Sehemu ndogo yake inageuzwa na CYP2E1, ambayo baba anayo nyingi, inakuwa sumu inaitwa NAPQI. Inayoizima ni glutathaioni, ambayo baba anayo kidogo. Isipozimwa inang'ang'ania protini za mitokondria. Mtu mzima mwenye afya mwisho ni vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, ila kwa mnywaji wa muda mrefu madaktari wengi wanasema visizidi 4, na asiyekula vizuri hata hivyo 4 aulize kwanza. Anameza vingapi?

---

Binti wa Tatu

Sijui. Anasema viwili. Nimefungua droo ya kitanda chake nikahesabu maganda, karatasi ya kwanza niliyomnunulia ni Jumatatu. Vidonge 34. Leo Ijumaa.

---

Mkata Slaidi

Usingoje kesho. Mpeleke sasa hivi, sema neno parasetamo mapokezi kabla ya kitu chochote, sema na pombe. Ipo dawa inayorudisha glutathaioni, inaitwa asetilisisteini, na inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahi. Hata kama anasema yuko sawa. Siku ya kwanza huwa wako sawa.

---

Binti wa Tatu

Tumefika. Wamechukua damu. Maganda nimewapa wayahesabu wenyewe.